Mhariri, andikeni na joto la maji ya mlango wa mto

Mhariri, salaam.

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Pangani, gazeti likifika nanunua, lisipofika nasoma la jana kwa kinyozi, na leo naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna kitu kinanikera. Kila mkiandika habari za mabadiliko ya tabianchi huku kwetu mnaandika yale yale mawili, bahari inakula ardhi na maji ya chumvi yanapanda mtoni. Sibishi. Ukuta umejengwa pale mjini kila mtu anauona, na minazi iliyokufa vichwa kando ya mto ipo, panda mtumbwi uende juu kidogo utaihesabu mwenyewe. Ila kuna la tatu ambalo halipigiki picha, na nadhani ndo maana halipati ukurasa, nalo ni joto la maji yenyewe pale mto unapokutana na bahari. Kwa sisi tunaokula kutokana na huo mto, hilo joto linaingia mfukoni mapema kuliko bahari itakavyoingia sebuleni.

Kwa wasomaji wa bara niseme kidogo. Mto wetu unaanzia Kilimanjaro na Meru, maji yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka nyika yote ile mpaka Korogwe, Hale, halafu yanatokea hapa kati ya Pangani mjini na Bweni. Hapa mwisho si mto tena na bahari bado. Maji yanajaa mara mbili na kutoka mara mbili kila siku, kuna tope, mikoko, hori, yaani vimkono vya maji vinavyoingia pembeni, na humo ndimo wanamokulia kamba na mkizi na watoto wa samaki wengi tu kabla hawajaenda maji makuu. Kamba anataga baharini, vitoto vyake vinaingizwa na maji kujaa mpaka kwenye mikoko, vinakaa miezi kadhaa, vikikua vinarudi nje. Kwa hiyo humu mlangoni pakiharibika, hata anayevua mbali kabisa na hapa ataisikia tu.

Sasa hilo joto linatoka wapi. Bahari yenyewe imepanda joto, hii Hindi ya upande wetu wa magharibi watafiti wanasema imeongezeka mpaka kama nyuzi 1.2 tangu miaka ya 1900 mwanzoni, na ni moja ya bahari za ukanda wa joto zilizopanda haraka zaidi duniani. Hayo ndo maji yanayotuingilia kila yakijaa. Hewa nayo imepanda, hilo halina mjadala. Halafu mlango wa mto una balaa lake la peke yake, hauna kina na umejaa tope jeusi. Wa pwani mnajua, siku za bamvua, zile maji yanapojaa na kukauka kupita siku nyingine, maji yanakauka saa nne, saa tano, siku nyingine inakaribia saa sita, yaani tope linabaki wazi saa zile zile jua linapokuwa kali, linaiva taratibu, na maji yakianza kurudi saa saba saa nane yanapita juu ya hilo tope yanabeba joto lake lote yanaingia nalo kwenye hori. Mwezi wa pili, msimu wa upepo wa kaskazi, hakuna wingu, we jaribu kulikanyaga peku saa sita mchana. Kuna kina mama siku hizi wanaingia kutanda uduvi na soksi miguuni, na si kwa ajili ya miba. Hata kaa wa kwenye tope ukimwangalia saa hiyo utamkuta kasimama mdomoni mwa shimo lake nusu ndani nusu nje, hatoki, anasubiri maji.

Kinachosaidia hapo ni mto wenyewe. Maji mengi yanayotembea yanachelewa kupata joto, na yanayasukuma yale yaliyolala kwenye hori yatoke nje. Maji kidogo hayasukumi kitu, yanakaa pale yanakwenda mbele na kurudi nyuma na maji ya bahari siku baada ya siku huku jua linayapiga. Na mto wetu jamani umepungua, wazee wote wanakwambia na wataalamu wa bonde wameandika hivyo hivyo. Juu kule kuna mashamba ya umwagiliaji, miji imekua, kuna mitambo ya umeme mitatu, Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale 21 na ile ya New Pangani Falls 68. Mitambo hainywi maji, nakubali, inayapitisha tu, ila saa ya kuyaachia inapangwa na umeme, haipangwi na kamba. Na lile bwawa la juu limetandaa, lipo kwenye nyika kavu, linapoteza maji mengi kwa kuyeyuka tu, na joto likizidi linapoteza zaidi.

Hapa nitoke njiani kidogo. Watu wengi, hata nyie gazetini, mkiongelea mto Pangani mnakimbilia barafu ya Kilimanjaro. Kweli barafu imeisha zaidi ya asilimia 80 tangu 1912 na inasikitisha kuiangalia, lakini maji ya mto hayatoki kwenye barafu kwa kiasi hicho mnachodhani. Yanatoka kwenye msitu na mvua inayonyesha msituni. Msitu wa juu kabisa, ule unaokamata ukungu, umeliwa na moto miaka na miaka kwa sababu huko juu kunazidi kukauka. Kwa hiyo moto ukiwaka mlimani usiseme ni habari ya Moshi, ni habari ya Bweni pia, inachelewa tu kufika.

Turudi majini. Ubaya wa maji ya moto siyo kwamba samaki anaungua, hapana, ni kwamba anakosa pumzi. Maji yakipata joto yanashika oksijeni kidogo. Maji ya mto kwenye nyuzi 25 yanaweza kushika kama miligramu 8.3 kwa lita, kwenye nyuzi 30 yanashuka mpaka 7.6 hivi, na maji ya bahari yenye chumvi kamili kwenye hizo hizo nyuzi 30 yanabaki na 6.2 tu. Hiyo ni ile ya juu kabisa inayowezekana, maji yakiwa masafi na yanapigwa na upepo. Sasa weka uchafu wa mji, majani ya mikoko yanayooza, tope, bakteria nao wanapumua humo humo na joto linawachangamsha, wanakula oksijeni haraka zaidi. Na samaki mwenyewe damu yake inafuata maji, joto likipanda mwili wake unafanya kazi zaidi na unadai hewa zaidi, saa ile ile ambayo hewa imepungua. Anabanwa huku na huku.

Usiku ndo mbaya zaidi maana mimea ya majini ikikosa jua haitoi oksijeni, inaitumia. Kwa hiyo alfajiri, kabla jua halijatoka, ndo oksijeni iko chini kabisa. Pita kwenye hori alfajiri moja ya kaskazi maji yakiwa mafu, hayajai wala kutoka sana, utawaona mkizi wamepanda juu kabisa wanabwia hewa, midomo imejaa juu ya maji, hawashtuki hata ukipitisha mtumbwi. Vijana wanafurahi, wanatupa kimia wanapata. Mi sifurahi.

Na kuna jingine. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji ya mto yenye joto na mepesi yanatandaa juu ya maji ya chumvi ambayo ni mazito, hayachanganyiki vizuri, yale ya chini yanafunikwa hayapati hewa. Zamani upepo na maji kujaa na kutoka vilitosha kukoroga. Lakini tofauti ya joto ikiongezeka juu ya tofauti ya chumvi, ukorogaji unakuwa mgumu. Mvua zenyewe siku hizi haziji kwa adabu, ama hakuna ama inamwagika yote kwa wiki mbili, tuliona masika ya 2024, tukaona na kimbunga Hidaya mwezi wa tano mwaka huo huo kinatua pwani ya kusini kule Mafia na Kilwa, kitu ambacho wengi tulikuwa tunasikia ni cha Msumbiji na Madagaska. Maji ya namna hiyo yanashuka na tope la nusu ya mkoa.

Mi kazi yangu ni samaki, nanunua dikoni pale wavuvi wanaposhusha, nakaanga, napeleka Muheza, kwa hiyo niseme ninachokishika kwa mkono. Jarife, ule wavu wa kutega, likitegwa jioni likavutwa alfajiri, samaki aliyenasa mapema amekaa mule amekufa masaa mengi kwenye maji. Kipindi cha kusi, mwezi wa saba wa nane, maji yako kwenye nyuzi 25 huko, huyo samaki unamkuta bado mkavu, jicho limesimama, shavu jekundu. Kipindi cha kaskazi maji yanafika nyuzi 29, 30 na kwenye hori yanazidi, samaki wa jarife lile lile masaa yale yale unambonyeza na kidole gumba na shimo linabaki, tumbo limeanza kuachia, shavu limepauka. Hajafika hata mnadani. Huyo hauzwi mbichi, anaingia kwenye mafuta moja kwa moja kwa bei ya huruma, na mvuvi anaona ananunuliwa kwa dharau kumbe ni joto limemla kabla yangu. Dawa ni kuvua usiku kwa zamu fupi na kubeba barafu toka mwanzo, na barafu ni hela, mafuta ya injini ni hela. Sasa hebu mniambie hiyo hasara inaandikwa kwenye ripoti gani ya tabianchi. Pale inahesabika kwamba samaki kauzwa, basi.

Wenzetu wa mwani wameshaonja. Ile kotonii, ndo yenye bei, Unguja na huku mkoa wa Tanga imewafia kina mama wengi, maji ya ufukweni yakipata joto inapata ugonjwa ule wa kuwa meupe na kukatika vipande, wamebaki na spinosamu ambayo inavumilia lakini bei yake ni ya kutia aibu. Wengine wanasukumwa kwenda kulima maji makuu na wengi hawajui kuogelea. Mwani ulionyesha mapema kwa sababu umefungwa kwenye kamba hauwezi kukimbia. Samaki anakimbia, kwa hiyo sisi tunasema tu "mwaka huu hamna kitu" tunamaliza.

Mtu atauliza ushahidi uko wapi kwamba milango ya mito inapata joto kuliko bahari. Upo, Australia wameupima. Jimbo la New South Wales walikuwa wanazunguka na boti wanapima maji ya milango 166 ya mito na vijito na maziwa ya pwani kwenye ufukwe wao, miaka 12, kazi ya kuchosha isiyo na sifa yoyote, halafu 2020 wakatoa matokeo. Joto limepanda kidogo zaidi ya nyuzi 2 ndani ya hiyo miaka 12. Rudia kusoma hapo, bahari yetu imechukua karne nzima kupanda nyuzi moja na kitu. Na uchachu wa maji, yaani asidi, umeongezeka vile vile, jambo ambalo chaza na kila chenye gamba halimpendezi. Ilikuwa haraka kuliko bahari ya nje na haraka kuliko hewa, na palipozidi ni pale pasipo na kina. Sasa Australia si Pangani, kwao kuna baridi na kwetu hakuna, milango yao mingine inazibwa na mchanga. Lakini sababu zenyewe ni zile zile, kina kidogo, maji kidogo, jua. Tofauti ni kwamba wao walipima.

Najua jibu la pili litakuwa nyuzi mbili ni nini, mbona asubuhi na mchana zinatofautiana kuliko hizo. Sawa. Lakini viumbe wa huku kwetu tayari wanaishi karibu na mwisho wa uvumilivu wao, ni kama kosta ya Tanga ikishajaa mpaka mlangoni, huhitaji watu kumi waongezeke, akiongezeka mmoja tu konda habaki na pa kukanyaga. Kamba aliyezoea kufika nyuzi 32 kwa saa moja ya mchana akipelekwa 34 kwa saa nne kila siku kwa mwezi mzima, hiyo siyo tofauti ya asubuhi na mchana tena.

Na la tatu, hili nalisikia hata dikoni, ni kwamba samaki wamekwisha kwa sababu ya nyavu za macho madogo na zile baruti za miaka ile. Ni kweli kabisa na waliofanya tunawajua. Lakini samaki waliobaki wachache ndo hao hao wanaohitaji pa kuzalia papoe. Kusema tatizo ni wavuvi peke yao ni rahisi kwa sababu mvuvi unaweza kumkamata, joto huwezi kulipeleka kituoni.

Afya nayo nitaje kwa kifupi. Kuna jamii ya bakteria, ndugu zake kipindupindu, wanapenda maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, yaani mlango wa mto ndo hasa kwao. Kule bahari ya Baltiki, nchi za baridi kabisa Uswidi na Finland, joto la kiangazi cha 2014 lilisababisha watu wapate maambukizi ya hao bakteria, kwenye vidonda na masikio, kwa kuoga tu. Wavuvi wetu miguu yao haikosi kidonda. Madaktari wa wilaya za pwani walisikie hili.

Sasa ninachokitaka. Sheria tunazo nzuri, tatizo zinasomwa semina. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka mpangilio, kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kulinda mazingira, halafu ndo wafuate wengine wote. Pili, Mhariri, siyo mwisho kinachobaki. Mkiandika habari za mgao wa maji ya bonde ulizeni kiasi gani kimeachiwa kifike mlangoni, na kimefika mwezi gani, maana mwezi wa pili ndo tunakihitaji, kuniletea mafuriko mwezi wa nne ukasema nimepata haki yangu ya mwaka ni utani. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kingo zenye miti zina kivuli, na kivuli kwenye hori nyembamba ni nyuzi kadhaa zinazopungua hapo hapo bila mradi wala mfadhili. Hori yenye mikoko iliyofunga juu na hori iliyokatwa mikoko ikafanywa mabwawa ya chumvi ziko tofauti kabisa, zamisha mguu tu utajua. Kwa hiyo kukata mkoko siyo kupoteza mti peke yake, ni kuezua paa la hiyo nyumba ya kamba.

Na kupima. Hii haihitaji meli ya utafiti. Vikundi vyetu vya usimamizi wa fukwe vipewe kipimajoto kizuri cha maji, kamba yenye alama za mita na kaunta buku. Alfajiri saa kumi na mbili na mchana saa nane, juu na chini, hapo kwenye gati ya kivuko, kwenye hori moja yenye mikoko na moja isiyo nayo, na huko juu mtoni pale chumvi inapoishia. Wanafunzi wa sekondari wanaweza wakaingia zamu, watajifunza jiografia ambayo haipo kwenye kitabu. Mvuvi akileta samaki laini iandikwe hapo hapo na joto la siku hiyo. Rufiji wafanye hivyo hivyo, mikoko yao ni mingi kuliko popote Afrika Mashariki na bwawa kubwa la Nyerere lipo juu yao sasa, wakianza kupima leo watakuwa na cha kulinganisha, wakisubiri watabaki kubishana kama sisi. Ruvuma pia, na ndugu zetu wa Tana na Sabaki kule Kenya shida ni ile ile.

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatupa joto la hewa la kila mji na mawimbi na upepo, na nyie mnatuchapia. Naomba waongeze namba moja tu, joto la maji, kwa Pangani na milango mingine mikubwa, na nyie mtafute sentimita mbili za kuiweka pembeni ya saa za maji kujaa na kutoka. Najua nafasi ni ghali, lakini kuna siku nahesabu matangazo ya waganga wa kuongeza nguvu mpaka sita kwenye ukurasa mmoja.

Mkituma mwandishi aje, asije mwezi wa saba na koti, atakuta maji yanapendeza atatuandikia utalii. Aje siku za bamvua za Februari, avae viatu vya mpira, aulizie kina mama wa uduvi upande wa Bweni, nauli ya kivuko nitamlipia mimi.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza samaki, Bweni, Pangani